Panya Nisiyemtaja

Jumatatu, 3 Januari 2011
Leo nimewapasua mgongo panya ishirini na kuwadunga dawa mpya. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Haya, uongo. Aliyepasua, akaumiza uti wa mgongo na kudunga ni Daktari Hallgren. Mimi nilishika taulo. Shule niliiacha darasa la saba, nani atanipa kisu? Kazi yangu kukamua. Panya aliyeumizwa uti wa mgongo hawezi kukojoa mwenyewe, basi mara tatu kwa siku namminya kibofu kwa vidole viwili, polepole, kama chuchu ya ng'ombe. Daktari ana shahada tatu, ila kwa kukamua ananipigia magoti.

Kila mmoja kadungwa dakika kumi na tano baada ya kuumizwa. Nusu yao dawa, nusu yao maji ya chumvi. Nani kapata nini hatujui, hata Daktari hajui. Karatasi ya siri iko kwa bosi wa maabara.

Dakika kumi na tano. Panya!

Ijumaa, 14 Januari
Vidole vimejua. Kuna mmoja kibofu kimeanza kujikaza, na asubuhi nimekikuta kitupu. Kakojoa mwenyewe, bwana mkubwa. Daktari kaniona natabasamu.

"Mzee Burl, ukijua kitu, meza. Ukiniambia ni yupi, macho yangu yatampendelea. Kazi yote imeharibika."

"Mimi namuwaza mke wa jirani."

"Mke wa jirani ana miaka tisini."

"Ndiyo maana namuwaza polepole."

Nimemeza.

Jumatano, 19 Januari
Jioni, maharage na mkate wa mahindi. Nikamwambia mke wangu, Oleta, kuna panya kaanza kukanyaga. Namba sikutaja. Kijiko chake kikasimama.

"Alidungwa baada ya muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

Nikatia mzaha kwamba panya hawapangi foleni hospitali. Hakucheka. Akageuza kiti chake cha magurudumu, akaenda dirishani.

Septemba ya 1991 tulikuwa tunatundika tumbaku ghalani. Mke wangu akaanguka kutoka boriti ya tatu. Akasema miguu imekufa ganzi. Mimi — mimi, si mwingine — nikasema mlazeni kivulini, itapita. Nikapanda tena nikamaliza tela lililobaki. Hospitali tulifika masaa kumi na moja baadaye. Daktari wa zamu akasema ipo sindano, lakini ni ya ndani ya masaa manane. Huenda ingesaidia, huenda isingesaidia.

Hiyo "huenda" inalala katikati yetu mpaka leo. Naitamani ile asubuhi kuliko ninavyoutamani ujana.

Jumanne, 25 Januari
Panya wangu anatembea. Wanamtia kwenye kibwawa cha plastiki cha watoto, kikavu, Daktari na mwenzake wanakaa ukingoni dakika nne, wanaandika anavyokanyaga. Miguu ya nyuma inambeba. Anayumba kama mimi nikitoka harusini, lakini inambeba.

Oleta kaniuliza yote. Anaanza na mguu upi? Mkia unaburuzika? Halafu:

"Nataka nimwone."

"Panya? Nikukamatie mmoja wa ghalani."

"Burl."

Sauti ile.

"Nataka kuona miguu inavyorudi. Mara moja tu. Sitalia."

Niliyelia ni mimi, bafuni, bomba limefunguliwa.

Wageni hawaruhusiwi maabarani. Na Ijumaa panya wote wanauawa, uti wa mgongo ukatwe vipande, utazamwe kwa hadubini.

Alhamisi, 27 Januari
Leo nilimfuata Daktari nimwombe. Mdomo ukatoa utani kuhusu viatu vyake. Mjinga mimi. Basi naandika hapa kwanza, kisha ninakili vizuri nikaweke chini ya kikombe chake cha kahawa:

Daktari. Ile wiki ya theluji barabara zilipofungwa, nilikuja kwa trekta siku tatu kukukamulia panya. Ulisema, Mzee Burl, nina deni lako, dai siku yoyote. Nadai. Dawa sitaki, imechelewa. Kesho asubuhi, kabla hamjawaua, mna kipimo cha mwisho cha kibwawani. Nifungulie mlango wa nyuma, ule usio na ngazi. Mwache mke wangu akae ukingoni. Watie mmoja mmoja kama kawaida yako. Mimi nitakaa nje koridoni, macho yangu yasije yakakuonyesha ni yupi. Oleta naye sijamwambia ni yupi. Atamjua mwenyewe.