Kibao cha MOYO na Upande Wake wa Pili

Mpendwa Mama Bilonda mshauri, naomba msaada wako, lakini kwanza niache nifurahi! Mimi ni mama wa bukari na sombe, ugali na kisamvu, hapa Dilala mjini Kolwezi, na tangu nitundike kibao mbele ya resto yangu sipati hata nafasi ya kukaa, kwa sababu fundi Kabeya alinichorea moyo mwekundu mkubwa unaotoka ndani ya sufuria, mvuke juu, na chini neno MOYO kwa manjano, hata wasiojua kusoma wanaonyesha kidole na kuingia, na kaka yangu Kisimba alipotaka tuandike ROHO, kama tunavyouita moyo huku, nilikataa, watu wangedhani ni kanisa! Sasa ona balaa: Kabeya ni mtu wa Kasai, na kumbe kwa Kiluba cha kwao “moyo” ni salamu, basi Wakasai wanaofukuzwa mkoani kwetu kwa ajili ya kabila lao, wakipita na mizigo kwenda stesheni, wanakiitikia kibao changu, “Eyo, moyo!”, wengine wanacheka, wengine wanalia, na vijana wa mtaa wamekuja kunifokea: “Mama, hii kibao iko inasalimia banani? Uitoe, ao tutaivunja!” Kabeya mwenyewe analala stesheni na mke wake Tina wakingoja treni, na upande wa pili wa kibao, unaoelekea barabara kubwa, haujachorwa, naye amenitumia neno: “Mama, mi nitakuya kumaliza ile kazi.” Nimefurahi mno! Nimwite kabla treni haijafika? Na lile neno nilifute?

Mignonne, Dilala

Mignonne mwanangu, hongera, hata mimi mate yamenitoka. Lakini furaha imekufumba macho. Unataka mtu anayewindwa avuke mji mchana na kopo la rangi mkononi, apande ngazi mbele ya vijana hao hao? Wakimpasua kichwa, utachora nini upande wa pili? Usimwite! Akija mwenyewe, mpitishe nyuma na umrudishe haraka.

Neno lifute leo. Usiwe shujaa wa herufi nne wakati una watu jikoni. Mchoro uache, hauna kabila, kila mtu atausoma kwa lugha ya mama yake. Ndiyo kazi ya kibao kizuri, kumwita mpita njia kabla hajaanza kuunganisha herufi.

Kisha pika bukari, uipeleke stesheni wewe mwenyewe, usitume mtu. Usianze habari za rangi. Waache Kabeya na Tina wale, waulize kama wana blanketi na maji ya safari, na umwambie fundi wako kwamba kazi yake inapendwa, maana huenda ni neno jema la mwisho atakalosikia Kolwezi.

Na ule upande wa pili, usitafute fundi mwingine. Uache mtupu. Hasira za mji zikipoa, mteja akikuuliza kwa nini, mjibu bila kunong’ona: fundi wangu tulimfukuza.