Mashavu ya Vidonge

Jumanne, 6 Julai 2021

Vidonge baada ya uji. Vyeupe kwanza, halafu cha njano. Nikisahau kula kabla, tumbo linawaka hadi adhuhuri. Mume wangu Athumani kalala, karudi alfajiri kutoka zamu ya ghalani. Mwanetu Rukia yuko likizo ya shule, yuko mbele ya televisheni tangu aamke.

Kazini wamepiga simu. Nisirudi kwanza. Dawa zangu zinashusha kinga ya mwili, na nyumba ya wazee si mahali pa mtu wa hivyo wakati huu wa korona. Nilikuwa nafua mashuka ya wazee. Sasa nitafua ya kwetu. Nilingoja uchungu uje, haukuja. Siku hizi hakiji kitu.

Mchana mama kapiga video kutoka Tanga, kwao asubuhi. Kanitazama weee. Mashaallah, mwanangu, umenawiri, nchi imekukubali. Akamwita Bi Pili jirani aje aone. Nikatabasamu. Mama anadhani ni siagi ya Australia. Haya mashavu ni ya prednisolon, vile vidonge vyeupe. Uso umekuwa sahani tangu Machi.

Jumamosi, 17 Julai

Harusi ya mdogo wangu Mwanahawa. Nimeihudhuria jikoni kwetu hapa Minto, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Nilijitanda mtandio mpya. Simu ilipita mkono kwa mkono, kila shangazi na neno lake, na lote lilikuwa la mashavu. Na sifa zote kwa Athumani. Mume huyo, anajua kutunza. Yeye kakaa pembeni yangu, anatazama vigae vya sakafu.

Baada ya simu akasema mara moja tu: mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia kifo kingoje zamu yake.

Yeye anajua kwa nini nimeficha. Baba alikufa kwa ini. Macho ya njano, tumbo limejaa maji, na mtaa mzima ukasema pombe, mtu ambaye hakuwahi kuionja. Mama alimuuguza peke yake. Mpaka leo hanunui hata maini ya ng'ombe. Nami ni ini, ila langu si la kuambukiza wala si la pombe. Kinga ya mwili wangu mwenyewe imeliona ini kama mgeni, inalipiga. Lakini mama hatasikia maelezo. Atasikia ini. Na mipaka imefungwa, siwezi kwenda, hawezi kuja. Atabaki na hilo neno peke yake ndani ya nyumba ileile.

Kwa hiyo mashavu yananijibia.

Jumatano, 4 Agosti

Daktari kwa simu. Namba za ini zimeshuka vizuri. Tupunguze prednisolon.

Nikamuuliza lililonikaa tangu Februari. Nitafika wapi na ugonjwa huu? Daktari huyu ni mwanamke mzuri, hadanganyi. Wapo wanaozeeka nao. Wapo wanaoishia kuhitaji ini la mtu mwingine. Langu lilishakuwa na makovu walipokata kipande kupima. Likitulia kwenye dozi ndogo, ni dalili njema. Likiamka, si njema. Tutaona, akasema.

Nikaenda kuanua nguo. Soksi bado mbichi, nikazirudisha kambani.

Jumapili, 29 Agosti

Mashavu yanashuka. Mifupa ya uso imetoka tena. Leo kwenye kioo nimemwona baba, nikazima taa nikapiga mswaki gizani.

Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mtaa wetu. Tumefungiwa kwa korona, kutoka nje ni saa moja tu kwa siku, na mimi hata hiyo siitumii. Mama Espérance, Mkongo wa nyumba ya pili, kaacha sombe, kisamvu cha kwao, mlangoni, kagonga, kaondoka. Alipofika kwenye uzio akageuka. Dada, mbona unakonda hivi? Nikampungia mkono.

Mama naye kauliza. Nikasema ni taa. Akauliza Athumani yuko wapi. Kazini. Kila siku kazini, akasema, na sauti sikuipenda.

Jumatatu, 13 Septemba

Mama kampigia Athumani moja kwa moja. Nilikuwa nakaanga vitunguu, simu ilikuwa kwenye spika, nimesikia yote.

Kwetu mwili wa mke ndio cheti cha mume. Mke akinenepa, mume kasifiwa. Akikonda, mume ana nyumba ndogo, au anampiga, au anamnyima chakula. Mama hakuacha hata moja. Nilikupa mtoto mzima, Athumani, unanirudishia mifupa. Mzee wako angekuwa hai angeona haya.

Athumani angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Mwanao anaumwa, mama. Basi. Yeye akasema: Nisamehe mama, nimekosa, nitamtunza.

Akavaa viatu vya kazi na zamu bado mbali. Nimemwona dirishani kakaa ndani ya gari, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Vitunguu vikaungua. Nilikuwa na hasira. Ni kitu cha kwanza nilichohisi mwaka huu, na sikujua nimtupie nani.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimemwambia.

Sikuzunguka. Mama, yale mashavu yalikuwa ya dawa. Naumwa ini, tangu Februari. Athumani hana kosa.

Akalaza simu mezani. Nikabaki natazama pangaboi la sebuleni Tanga, linazunguka polepole kama miaka yote. Nilisikia kigoda kikiburutwa. Nilisikia pua ikipanguswa kwa kanga. Nilijua atarudi na ile methali ya mficha maradhi, na nilikuwa tayari.

Hakuja nayo. Alishika simu, akasema: Nionyeshe macho.

Nikavuta kope la chini, nikasogeza jicho kwenye kamera. Jeupe. Na jingine. Jeupe. Akataka niende dirishani kwenye mwanga wa jua, nikaenda. Akatazama tena, yote mawili. Hayo macho alishawahi kuyachungulia kila asubuhi, ya mtu mwingine.

Halafu akasema: Mkwe wangu nimemtukana. Mpe simu.

Athumani alipokea amesimama. Sikusikia mama alichosema. Yeye alisema yamekwisha mama, yamekwisha, akanirudishia simu akaenda kuoga.

Ijumaa, 1 Oktoba

Juzi nilitolewa damu hospitalini Campbelltown. Leo daktari kapiga mwenyewe, kabla ya miadi. Nikajua.

Limeamka. Namba zimepanda mara tatu. Turudi dozi kubwa, na huenda vidonge hivi sitaachana navyo maisha. Nikauliza kuhusu ini la mtu mwingine. Si sasa, akasema. Sijui kama hilo ni jibu zuri. Nililigeuzageuza nikipika wali, sikulipatia upande.

Rukia kaniuliza kwa Kiingereza kama nimekasirika. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hapana. Akakubali, akala.

Nimempigia mama nikamwambia hivyohivyo ilivyo. Akauliza kidonge cha njano kinaitwaje. Akanitaka nilitaje jina polepole, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mashavu yamerudi. Wiki hii yamejaa kabisa, ushungi unanibana kidevuni. Watu wanatoka tena, Athumani kampeleka Rukia kwenye bembea. Mama Espérance kaniona nikitoa takataka, kafurahi. Dada, sasa uko muzuri, Mungu amekukumbuka. Nikamshukuru. Nitamwambia siku nyingine.

Mama kapiga. Bi Pili alikuwa nyuma yake, akaniona, akaanza: Mashaallah, tazama mtoto alivyonawiri.

Mama akamwambia, Pili, hebu kaangalie maharage yasiungue.

Bi Pili akaenda. Mama akasogeza simu karibu, akayatazama mashavu yangu, moja, kisha la pili. Hakuyasifu.

Umeshameza?

Nimemeza.

Baada ya kula?

Baada ya kula.

Haya, akasema.

Akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Mimi nikavuta kapu la mashuka, nikaanza kukunja. Nilisikia mawe madogo yakidondoka kwenye bakuli, moja moja. Hakuna aliyekata simu.