Sylvanus, Pipa Lako Limenyamaza

Mwaka umezunguka, Sylvanus, tangu siku ile ulipoanguka kwenye kinjia cha majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni, moyo wako ukakataa kazi bila kutuuliza. Majirani hapa Nyaramba wanatuambia kwamba sasa tumezoea. Hatujazoea.

Tunakukumbuka kwa chuma chako. Hukuwa na pesa za jim, kwa hivyo ulitafuta ekseli ya pikapu kuukuu, ukamimina simiti kwenye mikebe ya rangi, ukayabeba mawe hayo ya kuinua moja moja hadi kituo cha majani chai ili yapimwe kwenye mizani. Karani akakuuliza, "Sylvanus, haya majani yako mbona magumu hivi?" Ukamjibu, "Ni ya kiangazi." Foleni nzima ilicheka.

Baba yako Manasseh, ambaye ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote kwa kuwa amestaafu na hana kazi nyingine, alikusifu kuliko ulivyotaka. Aliwaambia watu sokoni kwamba uliinua lori lililokwama matopeni, dereva akiwa ndani amelala, na dereva hakuamka. Habari zikakufikia, ukamwendea.

"Tata, mimi huinua kilo mia moja na thelathini tu. Hilo lori liko wapi?"

"Liliondoka," akasema. "Si uliliinua?"

Hukucheka mbele yake. Ulienda kuchekea jikoni, na mama yako akakusikia.

Katika nyumba yako ya ujana, ile esaiga nyuma ya migomba, uliandika ukutani kwa makaa. Upande mmoja uzito ulioinua wiki hiyo, na ule uliokushinda pia, maana hukujificha. Upande wa pili pombe yako ya ndizi: ndizi gani, sukari kiasi gani, hamira, na siku ya kufunga pipa. Mama yako Tryphosa, Mwadventista tangu tumboni, alikuuliza shetani anahitaji hesabu za nini. Ukamwambia, "Mama, wiki nikionja sana, chuma kinajua. Angalia mwenyewe." Akaangalia. Ilikuwa kweli, na hilo likamuudhi zaidi.

Hukuuza hata kikombe. Ulimpa chupa mbili rafiki yako Duke, aliyekusimamia ulipokuwa chini ya chuma, na moja baba yako, ambaye aliimwaga. Hivyo ndivyo mama yako anavyojua.

Siku ile ulipoanguka mlikuwa wawili tu, wewe na baba yako. Alikuita. Alikushika makwapa akavuta. Amesimulia mambo mengi makubwa maishani mwake, lakini hili hatalitia chumvi: hakuweza kukusogeza. Ulikuwa na mwili wote ule uliojijengea miaka na miaka, na yeye ana mikono ya mzee. Alipiga kelele mpaka wachuma chai wakaja, wakakubeba kwa blanketi. Walikuwa wengi na wenye nguvu. Muda ndio ulikuwa umekwisha.

Tulipokwisha kukuzika, mama yako alikwenda kutoa nguo zako, akakawia mpaka tukamfuata. Tulimkuta ameketi kwenye benchi lako, mbele ya pipa ulilolifunga wiki ile ile uliyotuacha. Mrija wa mpira unaotoka kwenye kifuniko na kuingia kwenye chupa ya maji ulikuwa bado unatoa mapovu. Blup. Kimya. Blup.

"Linapumua," akasema.

Duke alimweleza vizuri kwamba hiyo ni hamira inakula sukari, kwamba ikimaliza itanyamaza, na hapo pombe itakuwa imeiva, ichujwe.

Mama yako alisikia neno moja tu. "Ikimaliza?"

Mapovu yalipoanza kupungua, alichukua sukari yote ya chai, akaikoroga na maji, akafungua kifuniko akamwaga. Mapovu yakarudi. Tangu siku hiyo tumekunywa chai bila sukari, sisi na wageni wetu. Dada yako Joyline, kila akija kutoka kwake Masimba, alijua alete kilo mbili na asiulize swali. Na huyu ndiye mama aliyekuwa akijiziba pua kwa leso akipita karibu na mlango wako!

Mzee wa kanisa alikuja kutufariji. Katikati ya maneno akatega sikio kuelekea migombani. "Ni nini hicho kinachotoa sauti?"

Mama yako akatazama sakafu. Baba yako akasema, "Ni bata, mzee. Anaatamia. Mwaka huu amekuwa na hasira."

Mzee akatuombea sote, na bata akamtaja. Mama yako ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini miezi ilivyosonga, mapovu yakawa machache, hata kukiwa na sukari. Alilifunika pipa kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Aliponda ndizi mbivu akaongeza, na maji, na sukari tena, mpaka pipa likajaa hadi shingoni. Akamwita Duke.

"Mama, hamira imekufa," Duke akasema. "Hata umwage gunia, hutaiamsha."

"Sylvanus angefanya nini?"

Duke akatazama ukuta wako. "Angekuwa ameichuja zamani, Mama. Sasa imeharibika."

Mama yako hakulia. Alisema Duke ana haraka, basi. Kisha akaanza kumtuma baba yako kila asubuhi: "Nenda usikilize." Baba yako alikwenda, akasimama hapo na kofia mkononi, akarudi. "Linapumua," alisema. "Kidogo, lakini linapumua." Ni uongo mdogo kuliko wote aliowahi kusema, na huo ndio uliomnyima hamu ya kula.

Wiki hii alirudi na uongo huo kama kawaida, akamkuta mama yako mlangoni, miguu imelowa umande.

"Baba Sylvanus, mimi nimetoka huko kabla yako."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kwanza niliyokutuma."

"Sasa mbona unanituma?"

"Nilitaka kusikia mtu akisema."

Wakaenda pamoja kulimwaga. Mama yako akashika upande huu, baba yako upande ule. Halikusogea. Wakapumzika, wakajaribu tena, baba yako akatoa hata koti. Limejaa, mwana wetu. Tumelijaza wenyewe na sasa hatuliwezi, na hatujui mwingine wa kuuliza ila wewe. Duke amesema atakuja Jumapili na kijana mwingine, walimwage mara moja. Mama yako amemwambia asije kwanza. Duke ameuliza aje lini. Hajajibiwa.

Wanaokukumbuka ni baba yako Manasseh Machogu, mama yako Tryphosa, dada yako Joyline na mumewe, shangazi yako Bathsheba wa Nyamarambe, rafiki yako Duke, na wachuma chai waliokubeba.

Hatuna namna ya kukusahau, Sylvanus, wala hatuitafuti.