Vitambaa vya Mgeni Wetu

Kabula wangu,

Imefika! Nimeanza na neno hilo kwa sababu ningeanza na habari za msiba ungenikatiza. Inkubeta imefika. Ya umeme, nyeupe, ndefu kama kabati la nguo, inajiwasha na kujizima yenyewe joto likifika. Siku wapagazi walipoileta kutoka stesheni nilitembea ubavuni mwa mkokoteni nikiwagombeza njia nzima, na watu wa Shinyanga walitoka madukani kutazama. Mgeni wetu, Kabula! Tulimngoja mpaka jina likamganda.

Unalikumbuka sanduku letu la zamani la kuoteshea vijidudu, lile la mafuta ya taa? Tulivyopokezana kulilea, kupandisha utambi, kushusha utambi, na mafuta yakikosekana mjini tunakaa tunalitazama likipoa na sampuli zetu ndani. Ulikuwa unaweka kiganja mlangoni, unafumba macho, unasema, "Limetulia kama ng'ombe aliyeshiba." Mimi nachukua kipimajoto kuhakikisha, nawe unacheka: "Bibi Kipimajoto huyo! Hata mama yake mzazi alidaiwa cheti cha kumzaa." Nilikuwa nakasirika. Sasa hakuna anayeniita hivyo, na maabara imekuwa na heshima nyingi mno.

Mama yako alikuja baada ya mashine kufungwa. Alitoka kwenu, ng'ambo ya Katoro, kwa lori, mfuko wa nailoni mapajani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akatoa vitambaa. Vyeupe, umedarizi maua mekundu na maneno *Karibu Mgeni*, vimepigwa wanga wa muhogo mpaka vinasimama vyenyewe. "Aliviacha," akasema. "Alisema ni vya Mgeni. Yuko wapi huyo Mgeni? Hata kuzika hakuja."

Nikamshika mkono nikamwonyesha mashine. Akaitazama juu mpaka chini.

"Miezi yote ile binti yangu anadarizi kitandani, nikajua kuna mchumba. Kumbe kabati!"

Tulicheka, Kabula. Tulicheka tukakaa chini sakafuni, na hapo ndipo kilio kikatupata wote wawili.

Basi nikampamba Mgeni. Kitambaa kikubwa juu, kama radio ya sebuleni, na vile vidogo nikavitandika ndani, kila rafu na chake. Hakuna aliyeshangaa. Nani kwetu huacha kabati uchi? Kila nilipofungua mlango nilikuona umekaa pale na sindano yako, miguu imevimba, moyo wako unakusumbua, na bado unauliza kama mashine imeshapita Dodoma.

Kisha bwana afya akaleta maji. Watu wa machimbo karibu na kwenu walikuwa wanaumwa matumbo, watoto zaidi, na visima ni viwili: cha juu kwenye mashimo ya dhahabu, na cha chini, kile anachochota mama yako. Alitaka kujua afunge kipi. Nikatia maji kwenye mirija ya mchuzi wa kuoteshea, wa rangi ya zambarau, ule ambao vijidudu wa choo wakiota wanaugeuza njano. Mirija ya kisima cha juu nikaiweka rafu ya juu, ya kisima cha chini rafu ya chini, nisichanganye. Na kwa kuwa mimi ni Bibi Kipimajoto, pale chini nikaongeza mrija mmoja wa maji ya mtaro wa nyuma ya hospitali. Ule lazima ugeuke njano. Mtaro ule unaujua.

Asubuhi rafu ya juu ilikuwa njano tupu, povu ndani. Rafu ya chini ilibaki zambarau, safi. Bwana afya akapiga makofi. "Tunafunga cha juu, wote wahamie cha chini! Nipe majibu dada, lori la pamba halinisubiri."

Lakini na ule wa mtaro ulikuwa zambarau.

Kabula, hebu sikia. Eti maji ya mtaro wetu ni safi! Nikamwambia simpi majibu. Daktari akaja, akasoma mshale wa mashine: nyuzi thelathini na saba, barabara. "Mashine imetoka Ulaya, wewe unaibishia?" Nikasema, "Naibishia, daktari." Nilikuwa namwona mama yako na ndoo kichwani.

Nikafanya ulivyokuwa unafanya. Nikafumba macho, nikaweka kiganja rafu ya juu. Moto. Chini: baridi kama ukuta asubuhi ya kipupwe. Nikatia vipimajoto ndani ya chupa za maji, chupa moja kila rafu, maana mshale unapima hewa ya juu tu na sampuli zetu ni maji. Juu thelathini na saba. Chini hata thelathini haikufika. Wale vijidudu walikuwa wamelala tu.

Feni iko juu. Inasukuma joto lishuke kupitia matundu ya rafu, na matundu hayo nilikuwa nimeyaziba mwenyewe, kwa maua yako mekundu na wanga wa muhogo.

Nilivitoa kimoja kimoja. Kile cha mwisho nilikishika muda mrefu, na bwana afya, mtu wa kelele vile, akageukia dirishani. Lori likaondoka bila yeye. Maji mengine tulikuwa tumeyahifadhi kwenye friji, tukaanza upya, nami nikazichungulia chupa zangu mpaka rafu zote zikasema namba ileile. Laiti ungeona! Zilipolingana nilipiga kigelegele maabarani, na daktari hakunikemea.

Kesho yake mtaro ukawa njano. Kisima cha chini pia. Visima vyote viwili ni vichafu, Kabula. Bwana afya amepeleka dawa ya maji, na mama yako anachemsha. Ametuma salamu kwamba chai yake sasa ina ladha ya sufuria na kosa ni la yule mchumba wako.

Vitambaa nimevifua. Kikubwa kinafunika hadubini dhidi ya vumbi, vidogo viko chini ya chupa mezani, mahali upepo hauna kazi navyo. Usininunie.

Nenda salama, rafiki yangu. Wabeja, kama ulivyonifundisha kushukuru. Nitakwenda kwa mama yako kila likizo, nitachota naye. Na maadamu mimi niko hapa, hakuna maji ya mtu yatakayoingia kwenye mashine hii bila mrija wa mtaro kukaa rafu ya chini kabisa. Nimeuandikia jina lako kwa wino usiofutika. Najua utatukana. Lakini kila asubuhi ndio ninaoutazama kwanza, na leo tena, Kabula, umegeuka njano!

Wako,
Mariamu