Geji Uliyomtumia Baba

Buxton, Jumapili jioni

Dada Hilary mpenzi,

Huku mvua haijakoma, na Baba bado anagombana na jirani kuhusu ule ua. Geji ya joto uliyomtumia kutoka Perth kwa ajili ya gari lake kuukuu la Morris ilifika salama, nami nikaifunga mwenyewe. Kile kimrija chake cha shaba kilikuwa kirefu mno, basi nikakikata kwa koleo kama waya wa umeme. Pakanuka kama hospitali. Kumbe yale maji yaliyomwagika kutoka ndani ya mrija ndiyo yanayosukuma mshale wa geji. Nikazifunga ncha kwa utepe bila kumwambia Baba.

Leo tumepanda mlima, mshale umelala tu.

"Umeona?" Baba akacheka. "Si ulisema bibi kizee huyu atachemka?"

Nikageuka kutazama kondoo. Kabla ya kilele mvuke ukafumuka, injini ikafa.

Tulikunywa chai ya chupa kando ya barabara tukingoja kuvutwa. Baba akapangusa kioo cha geji kwa leso yake.

"Nigel, usimwambie Hilary kwamba ni mbovu. Ataumia bure."

Ilikuwa nzima, dada. Mpigie Baba wewe umwambie kwamba niliiharibu mimi. Mimi nilimjibu, "Sawa, Baba."

Mdogo wako,
Nigel