Glavu Zilizokwisha Kabla ya Kura

Jumatatu, 5 Januari
Nimefungua kibanda changu cha vitenge saa mbili kama kawaida. Soko zima la Kisenyi, hakuna aliyetaka kitenge. Watu wanapita na mchele, mishumaa, chumvi, mkaa kichwani. Kura ni wiki ijayo na kila mtu anaogopa kitakachofuata. Nimewacheka kidogo. Mimi nimekimbia vita Bukavu mara mbili, hakuna wa kunifundisha kuweka akiba. Nyumbani Kasubi maharage yapo, unga upo, madumu sita ya maji yamejaa. Mapendo, binti yangu, tumbo limeshuka, siku yoyote atazaa. Mumewe yuko Juba na lori. Basi nyumba ni mimi. Leo nimejiona mwerevu kuliko mtaa mzima.

Jumatano, 7 Januari
Mapendo ametoka kliniki. Mkunga amemuuliza vifaa viko wapi. Hapa Uganda mwanamke huenda kuzaa na vifaa vyake mwenyewe: glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, kavera, plastiki nyeusi ya kutandika kitandani.

Alikuwa navyo. Alivinunua mwezi wa kumi na moja, akavificha chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyevitoa. Kwetu hatumnunulii mtoto kitu kabla hatujasikia sauti yake, ni kuita msiba. Nikampa msichana mmoja wa kanisani, naye alikuwa mjamzito. Mapendo alilia siku ile. Nikamwambia maduka hayahami, tutanunua siku zikikaribia.

Leo jirani yetu Mama Akello, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, amesikia habari hiyo. Hana kona mwanamke yule, husema moja kwa moja. “Glavu si ya mtoto, mama. Ni ya mkono ya nesi. Wewe ulipeana kitu ya binti yako.”
Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Ijumaa, 9 Januari
Famasi tatu za Kasubi. Hakuna glavu. Nimepanda bodaboda hadi Nakasero, kwa wenye nazo. Huko kuna foleni. Madereva wa wakubwa wanabeba maboksi hadi kwenye magari, glavu, bandeji, spiriti. Kliniki za watu binafsi nazo zimenunua kwa katoni, zinangoja majeruhi. Muuzaji hata hakuniangalia. “Zimekwisha, mama. Pamba pia. Mrudi baada ya kura.”
Mtoto hajui kura ni nini. Ningemwambia hivyo, lakini nyuma yangu walikuwa wanasukuma.
Nimepata wembe na uzi. Kavera pia.

Jumamosi, 10 Januari
Kisenyi, maduka yote ya jumla. Hakuna. Miguu imevimba.

Jumapili, 11 Januari
Nimefanya jambo la aibu. Baada ya ibada nilimfuata yule msichana. Alizaa wakati wa Krismasi. Mtoto mnene, analala begani. Nikamuuliza kama zilibaki glavu. Hata jozi moja. Zote zilitumika. Halafu akawaita wenzake, akawaeleza jinsi nilivyomsaidia, nao wakanishika mikono wakaniombea baraka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mapendo alikuwa amesimama kando, ameshika kiuno.

Jumanne, 13 Januari
Mtandao umezimwa. Mume wa Mama Akello alipelekwa kulinda kura mkoani. Alikuwa ameahidi kutuombea glavu kwenye zahanati ya kambi yao. Simu yake haipatikani. Nimefunga kibanda. Naogopa. Siogopi risasi, risasi nimezisikia. Naogopa sanduku tupu la pamba.

Jumatano, 14 Januari
Nimechemsha vitambaa, nikavianika ndani. Mapendo ameniuliza, “Mama, ile desturi, wewe mwenyewe uliifuata ukaona faida?” Nikamwambia nilizaa watano kwa kuifuata. Akauliza wako wapi. Amebaki yeye. Sote wawili tunajua.

Ijumaa, 16 Januari
Ya jana naandika leo.
Maji ya uzazi yalimwagika saa moja asubuhi. Bodaboda hakuna. Tulitembea, Mapendo katikati, mimi huku, Mama Akello huku. Askari walitusimamisha mara mbili. Mama Akello aliwasemesha Kiswahili cha kambini, wakatupisha.

Kituo cha afya kilikuwa na nesi mmoja, wanawake wamelala hata koridoni. Akauliza glavu. Nikasema sina. Akanionyesha mikono yake, mitupu, ina mchubuko kidoleni, mahali pa damu kuingilia. “Nimetumia ya mwisho asubuhi. Nenda utafute, mama. Haraka.” Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

Nikaenda. Milango yote imefungwa, barabara nyeupe, hakuna mtu. Nimegonga famasi, nimegonga duka la nyama. Nyuma ya saluni moja mwanamke alifungua dirisha. Akanipa jozi mbili za glavu za kupakia dawa ya nywele. Nilirudi nikikimbia, mimi mwenye miaka hamsini na minne, nimezishika kifuani.

Nesi alikuwa ameshindwa kungoja. Alifunga mikono kwa mifuko ya plastiki ya sukari. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na mifuko ile inateleza, vidole havipati kushika. Aliivua mwishoni akaingiza mikono mitupu. Mama Akello ndiye aliyenieleza. Nilipoingia mtoto alikuwa kwenye kavera, mvulana, nywele nyingi. Nesi alikuwa amekaa sakafuni.
Nilikuwa bado nimeshika glavu. Nesi akazipokea, akazivaa, akaenda kwa mwanamke mwingine.

Jumamosi, 17 Januari
Tumemzika mtoto asubuhi. Mchungaji na sisi watatu tu. Mume wa Mapendo hajui, yuko Juba, hakuna njia ya kumwambia. Watu wanasema hesabu ya kura imekwisha. Sikuuliza nani ameshinda.
Ni mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayeniambia. Si kura, si nesi. Kifaa kilikuwa ndani ya nyumba nikakitoa kwa mikono yangu, nikaita hilo hekima.

Jumapili, 18 Januari
Sikwenda kanisani. Maharage yamejaa nyumba nzima. Hakuna anayekula.

Jumatatu, 19 Januari
Maziwa yamekuja. Mapendo ameamka fulana imelowa. Mama Akello amesema tuyafunge yakauke, yakiachwa yataleta homa. Nimekata kitenge kipya, nikamzungushia kifuani mara tatu. Ameinua mikono mwenyewe ili nipitishe. Nilidhani hatataka nimguse.
“Kaza, mama.”
Nikakaza. Amelala ubavu akitazama ukuta. Saa sita kitambaa kilikuwa kimelowa tena mbele, madoa mawili. Nimekata kingine.