Dirisha la Upande wa Jikoni

Mpendwa mwanangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka hapa Issuna. Sisi wazima, alizeti imekubali mwaka huu, na kuku wamekuwa wengi hadi wanatembea juu ya vyombo. Haya ningekwambia kwa simu, lakini ukipiga tunasalimiana, unauliza habari za mvua, nauliza habari za wajukuu, kisha kila mmoja anasubiri mwenzake aage. Kwa hiyo nimeandika. Tena nimetaka barua isomwe na yeyote atakayeiona, kwa kuwa nilikuaibisha mbele ya watu. Sioni haki nikuombe radhi kwa kujificha.

Mwanangu, nimejenga kibanda. Usicheke. Nyumba aliyotuachia marehemu baba yako imejaa: kaka yako Hamisi, mkewe, watoto wao wanne na redio isiyozimwa. Nawapenda wote, lakini nilianza kutamani mahali pa kukaa peke yangu alasiri, ninywe chai bila mtu kuniuliza chumvi iko wapi. Chumba kimoja tu, nyuma ya nyumba, pale penye jabali. Unapajua.

Fundi alipofika alitazama vigingi nilivyopigilia, akasema, "Shikamoo bibi. Hili ni banda la kuku?"

"Marahaba. Kuku mwenyewe ni mimi," nikamjibu.

Akacheka, kisha akataka ramani. Ramani ya chumba kimoja! Nikaingia ndani kutafuta karatasi ya kuchorea. Nikafungua lile sanduku lako la bati la shule, nikatoa daftari la Jiografia nikidhani kurasa za mwisho ni tupu. Hazikuwa tupu.

Unakumbuka ulivyokijenga kibanda chako, palepale penye jabali? Ulikuwa kidato cha pili. Ukitoka shule unabeba mawe, moja moja, unayapanga kando ya jabali, hadi ukaezeka mabua ya mtama na kusiriba sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe kama nilivyokufundisha. Nilikuwa nakuona na kunyamaza. Kimoyomoyo nilijivuna, maana kuta zako zilinyooka kuliko za mafundi wengine ninaowajua.

Kisha siku moja, bombani, mama mmoja akasema, "Binti anayejijengea mji kabla ya kuolewa, kuna anayemkaribisha humo." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao, Rehema. Hasira ilinishika njiani.

Nilikuja na jembe, wale wanawake nyuma yangu, ndoo kichwani. Nikaliona lile dirisha dogo linalotazama jikoni kwangu, nikajiona nimepata ushahidi. "Hili ni la nini? La kumchungulia mama akija, umtoroshe huyo mwenzio?" Ukuta wa dirisha ndio niliouvunja kwanza. Ulisimama na daftari kifuani, ukasema mara moja tu, "Mama, si ungeniuliza?"

Nikakwambia ufunge mdomo. Ukaufunga. Ulipomaliza shule ukaenda kwa shangazi yako Kahama, ukaolewa hukohuko, na siku ya harusi uliniamkia kama unavyomwamkia mgeni. Nilirudi nyumbani nikisema una kiburi.

Sasa nina lile daftari mkononi. Umepima kwa hatua, umechora mlango, kigoda na rafu ya vitabu. Kando ya dirisha umeandika kwa kalamu nyekundu: "Upande wa jikoni. Mama akiita nisikie."

Nilikaa palepale juu ya sanduku. Fundi alikuja mlangoni akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nisamehe, mwanangu. Ulitaka mahali pako padogo bila kuniacha, nami nikaamini maneno ya bombani kuliko mtoto niliyemzaa. Miaka yote hii nimekulaumu kwa kukaa mbali, kumbe ni mimi niliyekufukuza.

Kibanda kimejengwa kwa ramani yako, hatua kwa hatua. Nimeongeza upana wa mlango tu, maana mama yako si mwembamba kama ulivyokuwa wewe. Mawe yako yalikuwa bado palepale nilipoyaangusha, majani yameyafunika. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini mawe nimeyazoa yote, na ndiyo yaliyoingia kwenye msingi.

Mke wa kaka yako aliniuliza, "Mama, unatuhama?" Nikamwambia sihami, nakaa tu. Nilijisikia vibaya kumjibu kwa upole vile, kwa sababu wewe sikukupa hata nafasi ya kujibu.

Kila alasiri nakaa dirishani na chai yangu. Nasikia sufuria, nasikia watoto wakigombania ukoko, namsikia mkwe wangu akimkaripia jogoo. Kila kitu kinasikika. Ulipima sawasawa.

Siku ukija, usinipigie simu ukiwa stendi, wala usibishe hodi mbele kama mgeni. Pita nyuma, simama jikoni, uniite. Nitasikia.

Ni mimi mama yako,
ambaye hakuuliza.